Staa wa Kipindi cha Makarani

Nyuma ya chumba cha kufulia nguo, kwenye apartimenti zetu za Garland, kuna benchi la chuma ambalo meneja aliliweka kwa ajili ya wavuta sigara. Sisi tumeligeuza kijiwe. Jumamosi asubuhi mashine zikiwa zinazunguka, Bertila anashuka na chupa ya kahawa ya tangawizi, tunakaa. Yeye anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, kwa hiyo tunamwita Dokta. Elimringi ni Katibu, maana kabla ya Texas alikuwa karani wa ardhi Moshi. Gichuki, Mkenya anayebeba abiria wa Uber, ni Breking Nyuzi. Na Nicodème, Mrundi wa ghala la matairi, tulimbatiza Staa mwaka juzi, 2018, alipochukuliwa kuigiza kwenye televisheni. Kilikuwa kipindi cha vichekesho kuhusu makarani wa serikali: wanapoteza mafaili, wanagombania microwave, wanazungusha watu dirisha hili hadi lile. Nicodème hakuwa karani. Alikuwa mmoja wa wanaokaa kwenye viti wakisubiri, nyuma. Kipindi kilicheleweshwa mwaka mzima, kikaanza, na wiki hiyo kikakatwa kabla hata hakijakolea.

— Wamekikata tu hivyo, alisema Nicodème. Sehemu yangu haijaonyeshwa.

— Buda, hiyo imeuliwa na serikali, alisema Gichuki. Kuna mkubwa Washington ali-watch, akajiona.

Katibu akatikisa kichwa.

— Wakubwa hawana muda wa TV. Hao ni makarani wenyewe. Karani akiamua kitu kisiendelee, hakiendelei. Sasa hivi kuna mmoja mahali amekalia mikanda yote.

— Wewe unajua sana kukalia, alisema Bertila.

— Mimi nilikuwa nawaambia watu waje kesho. Kesho nayo ni huduma.

— Skia, Gichuki akasogea mbele. Hiyo haikuwa show, ilikuwa mtihani. Wanakuonyesha ofisi mbovu, halafu wana-check nani anacheka. Ukicheka, wanajua umezoea. Wanakuongezea miaka ya kungoja.

Nilicheka. Nicodème hakucheka. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama uzio.

— Staa, alisema Bertila taratibu, hujawahi kutuambia ulifanya nini huko. Kila siku ni chakula tu, chakula kilikuwa kizuri.

Nicodème akanywa funda moja. Kisha akasema:

— Walitupanga kwenye viti. Mkubwa wao akapita anatutazama. Huyu akaambiwa anatabasamu mno, yule aache simu. Kwangu akasimama. Akawaita wenzake, akasema mwoneni huyu bwana, huyu anajua kusubiri. Wakanihamishia kiti cha mbele.

— Ukapandishwa cheo, alisema Gichuki.

— Nikapandishwa. Halafu karani, yule mama wa kuchekesha, anaita jina. Naenda dirishani. Anagonga muhuri, anasema hongera, familia yako inakuja. Mimi nafurahi. Ndipo anaona kumbe ameshika faili la mtu mwingine. Anasema pole, rudi ukae. Hapo wanaweka kicheko cha watazamaji.

Sote tunajua habari ya Léoncie, mke wake. Walioana kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, faili la Nicodème la kuhamia Marekani likiwa limeshafungwa, kwa hiyo akaja peke yake, mke na mtoto wao Inès wafuate. Walihojiwa, wakapimwa afya, wakauza hadi masufuria. Mwaka 2017 safari za wakimbizi zikasimamishwa. Vipimo vikaisha muda, wakapimwa tena, navyo vikaisha.

— Tulirudia siku nzima, aliendelea Nicodème. Taa haijakaa sawa, tunarudia. Mama amesahau neno, tunarudia. Kila mara ananiambia familia yako inakuja. Nilijua ni kazi tu. Lakini kila mara moyo unaruka. Mwisho nikainuka kabla sijaitwa. Mkubwa akakasirika.

— Karani naye ni mtu, Nicodème, alisema Katibu. Hata hawa wa kweli. Wanaagizwa.

— Katibu, ulipokuwa unawaambia watu waje kesho, ulikuwa unawatazama?

Katibu alizungusha kikombe chake.

— Nilikuwa natazama karatasi.

— Inès alikuwa hajatembea nilipoondoka, alisema Nicodème. Kwenye simu ananiona kichwa tu. Nilimwambia mama yake, kwenye TV mtoto ataniona mzima, nimevaa suti, natembea naenda dirishani. Wamemwomba jirani mwenye simu kubwa. Kila Jumamosi wananiuliza ni lini.

Wakati huo alikuwa ametoka mama mmoja na beseni la nguo kiunoni, Amandine, aliyehamia kwetu juzi kutoka Lewisville. Alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

— Samahani, alisema, mimi nimefika katikati. Hicho ni kipindi cha kuchekesha, si ndiyo?

— Ndiyo, alijibu Gichuki.

— Sasa hapo dirishani, watu walikuwa wanacheka nini?

Katibu aliangalia viatu vyake. Mimi, niliyekuwa nimecheka dakika chache nyuma, nilijifanya nasikiliza mashine.

— Muhuri, alisema Nicodème. Yule mama alikosea muhuri, halafu...

Bertila aliinamisha chupa kwenye kikombe chake, zikatoka machicha tu.

Simu ya Nicodème ikaita. Kigoma ilikuwa jioni. Aliitazama, akainuka, akazunguka kona ya ukuta. Na mkewe huongea Kirundi, lakini Inès amekulia Kiswahili cha kambini, kwa hiyo tulijua ni nani aliyeshika simu.

— Hapana mama, leo hawajaonyesha, tulimsikia. Wamesogeza mbele. Bado kinakuja. Subiri kidogo.