Roketi ya Kumfuata Bibi

Benchi limekaa kati ya kibanda cha fundi simu na karakana ya fundi makochi, na alasiri ile lilibeba wanaume watatu, chupa ya kahawa na kompyuta moja. Fundi simu, anayeitwa Chaji, alikuwa ameshika kichwa. Binti yake alimpa mwanaanga mmoja wa kwenye gemu jina la Bibi, kwa heshima ya bibi yake. Jana Chaji akamrusha huyo Bibi angani, mafuta yakamwishia huko huko. Sasa anaizunguka dunia ya gemu, hapandi wala hashuki. Mtoto alikwenda shule bila kugusa chai. Chaji alikuwa amemwahidi: ukirudi, Bibi atakuwa ameshuka.

— Roketi ya kumfuata iko tayari, alisema Chaji. Naomba kimya.

— Ongeza matangi, alisema Breki, dereva wa malori aliyestaafu. Haba na haba hujaza kibaba.

Chaji akaongeza. Roketi ikanguruma, ikatetemeka, ikabaki palepale.

— Imekuwa nzito! alisema Breki. Si nilisema?

— Punguza basi, alisema Sofa, mwenye karakana. Chumba cha rubani kikubwa hivyo cha nini? Amehamia na familia? Weka kile kidogo.

Chaji akaweka kidogo. Roketi ikapaa. Kahawa ikamwagika kwa shangwe.

— Sasa naanza kuilaza upande.

— Usilaze! Gari likilala ni ajali!

— Kaka, hili si gari. Ili ubaki juu, lazima ukimbie pembeni kwa kasi, mpaka kila ukianguka unaikosa ardhi.

— Unaanguka na hufiki chini? Wewe mdanganye mwanao.

Kidole cha Breki kikashuka kwenye kitufe kirefu cha kibodi. Injini zikachomoka, roketi ikapinduka, skrini ikajaa moto.

— Umegusa nini?

— Mwendo ulikuwa mkali. Mwenda pole hajikwai.

Chaji akaanza upya, mikono ya Breki ikiwa chini ya mapaja ya mwenyewe, kwa amri.

— Mimi nimeshaelewa tatizo, alisema Sofa. Kule juu hakuna upepo, ndiyo maana mama wa watu amekwama. Hana wa kumsukuma. Mpelekee feni.

— Feni ataichomeka wapi?

— Kwenye jua. Si liko karibu?

— Akili ni mali, alisema Breki kwa heshima.

— Nyamazeni! alifoka Chaji. Jamani, nyamazeni!

Roketi ikalala upande vizuri. Matangi matupu yakaachia moja moja. Hatimaye chombo cha Bibi kikatokea mbele yao, kidogo na cheupe, kikija taratibu. Breki akasahau amri, akapiga makofi.

Ndipo mama mkwe wa Chaji akafika, akiwa njiani kumchukua mjukuu wake shuleni.

— Shikamoo mama, wakasema wote, wakisimama.

— Marahaba wanangu. Nasikia mmeniacha angani.

— Tunakushusha sasa hivi, mama, alisema Chaji, akimgeuzia skrini. Wewe ni huyu hapa. Na hiki ndicho chombo kilichokuja kukuchukua.

Mama akainama, akatazama kwa makini.

— Na huyu aliyemo ndani?

— Rubani, mama.

— Haya, asante. Sasa mimi nitakaa wapi?

Chaji alikitazama kile chumba kidogo. Kiti kimoja, na rubani amekijaza. Akageuka kumtazama Sofa, mtu aliyeshona viti maisha yake yote. Sofa akainua chupa ya kahawa, akaitikisa, akaiinamisha juu ya kikombe. Haikutoa hata tone.

Kengele ya shule ikalia.

Mama akafunga kanga yake vizuri.

— Basi mimi na mjukuu wangu tutarudi kwa njia ndefu, mpate muda, alisema. Niwekeeni kiti.