Kofia ya Jamiru

Basi la kampuni lilitoka mabweni ya wafanyakazi ya Muhaisnah asubuhi, na Peninah, mfanya usafi, alinyimwa usingizi na walinzi wawili wa kiti cha mbele, ambao hata majina walikuwa ndiyo kwanza wameulizana.

"Nchi ndogo isiyo na ugomvi na mtu inunue makombora ya nini?" aliuliza Jamiru. "Mimi nalinda jengo la ghorofa sitini bila hata rungu."

"Wewe ukivamiwa unapigia polisi simu," Jotham akamjibu. "Nchi ikivamiwa itampigia nani?"

Jamiru alitafuta jibu mpaka mwenzake akasinzia, kichwa kikigonga kioo kwenye kila tuta. Jamiru akavua kofia yake, akaiweka taratibu kati ya kichwa hicho na kioo. Walipofika kazini Marina jibu lilikuwa bado halijapatikana, na kofia alikuwa bado ameishikilia.