Misumari ya Inchi Nne

Redio ya basi ilipotangaza kuwa kimbunga kimepanda kutoka daraja la kwanza hadi la pili, fundi wa mapaa aliukumbatia mfuko wake wa nyundo kama mtoto mwenye homa.

"Namba tu hizo, dada," alimwambia mwalimu aliyeketi naye, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Paa nililoezeka mimi halitikisiki."

"Namba ndiyo upepo wenyewe, kaka. Daraja la kwanza hubandua bati mojamoja. La pili huyakusanya yote. La tatu hubeba na kenchi, mbao zote zinazoshika bati. La tano, utalipokea paa lako kwa posta."

"Ya vitabuni hayo."

"Kenchi umezifunga ukutani kwa vyuma?"

Fundi alikohoa. "Nimepiga misumari. Ya inchi nne."

"Na chini ya paa hilo analala nani?"

"Mama mkwe. Nilimaliza kwa siku mbili, akanisifu mbele ya ukoo mzima."

Kituo cha mama mkwe kilipokaribia, fundi alikuwa keshafika mlangoni.

"Si halitikisiki?"

"Halitikisiki! Nakwenda tu kumwomba mama aje alale kwangu."

"Na la kwako aliezeka nani?"

Basi likasimama. Fundi hakushuka, wala hakurudi kukaa.