Herufi Mbili Zilizokosekana Kashuga

Asifiwe Bwana aliyenipa kichwa safi asubuhi ya leo! Ndugu zangu, wengi hapa Nyabiondo mnanijua. Mimi ni Bahati, yule wa vibao vya chuma. Majina ya maduka, ya shule, ya kituo cha afya, mengi mnayosoma njiani nimeyachapa mimi. Lakini hamkujua nilikuwa nachapa nikiwa mtu wa namna gani.

Kazi yangu ni hii. Unawamba kitambaa chembamba kwenye fremu, unaziba kila mahali isipokuwa herufi, kisha unapitisha wino juu yake, nao unashuka kwenye bati pale palipo wazi tu. Lakini chuma chenye mafuta hakishiki wino. Lazima ukisugue kwanza kwa dawa kali ya kuyeyushia wino. Siku za mvua nilikuwa nafunga mlango wa atelie, chumba changu cha kazi, na kusugua humo ndani. Mwanzoni harufu ile iliniumiza kichwa. Baadaye nikaipenda. Ikafika mahali, ndugu zangu, nalowesha kitambaa na kukiweka puani hata siku ambayo hakuna kibao cha kuchapa!

Nilikuwa mwimbaji wa kwaya. Niliimba huku kanisa zima likizunguka machoni pangu. Mke wangu, Mama Furaha, aliniambia, "Baba Furaha, hii dawa njo inakukula." Nikamjibu kwamba dawa hainili, ni harufu ya kazi tu. Nilimdanganya bila haya. Niliomba Mungu aniponye, na nikisema amina nilikwenda moja kwa moja kwenye kopo la dawa.

Basi kamati ya maji ikaniagiza vibao vya kuweka kwenye visima na vijito. Vingine viseme MAJI YA KUNYWA, vingine MAJI SI YA KUNYWA. Vile vya pili nilivichapa nimelewa dawa ile. Kabla ya kumaliza, usingizi ukanichukua kwenye kiti, na wino ukakauka juu ya kitambaa. Nilipoamka sikukiosha. Nikachapa kibao cha mwisho, nikakitia kwenye gunia bila hata kukisoma. Pikipiki ikakipeleka Kashuga, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita.

Siku chache baadaye, Papa Jules mwenye pikipiki alirudi. Hakushuka hata kwenye kiti.

"Kaka Bahati, kule Kashuga kuna mutoto iko mugonjwa sana. Mama yake anasema alichota maji penye kibao yako. Inasema ni ya kunywa."

Nikapanda nyuma yake na nguo zangu za kazi.

Kibao kilikuwa kimepigiliwa juu ya kijito kinachopita chini ya vyoo vya kambi. MAJI, halafu nafasi tupu, halafu YA KUNYWA. Wino uliokauka ulikuwa umeziba herufi mbili. Herufi mbili tu! Nilipiga magoti kwenye matope nikalia kama mtoto.

Nikaenda kituo cha afya. Mama wa yule mtoto anaitwa Mama Sifa, aliyekimbia kutoka msituni Walikale. Alikuwa ameketi karibu na binti yake, seramu, yale maji ya dawa ya mshipani, ikishuka mkononi mwa mtoto. Nikamwambia, "Mama, aliyechapa kile kibao ni mimi."

"Kwetu sikusoma," akasema. "Nimejifunza hapa, mu kanisa, pamoja na bamama wengine. Ile kibao njo ya kwanza nilisoma mimi peke yangu. Nilifurahi, Papa. Njo maana nilichota."

Ndugu zangu, angenipiga ningeshukuru! Hapo mdomo wangu ukafunguka. Nikamwambia yote: kitambaa, kopo, uongo. Mambo ambayo sikuyasema kwa mke wangu, nikamwambia mwanamke niliyemuumizia mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi kwenda utoe ile kibao. Kisha urudi, tuombee mutoto."

Nikaking'oa kwa mikono yangu. Nikarudi. Tuliomba siku mbili. Jasho lilinitoka, nilitapika, mwili wote ulidai ile harufu. Siku ya tatu asubuhi mtoto akafumbua macho na kusema, "Mama, niko na njaa." Haleluya! Mama Sifa alicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikatoka nje nikapiga kelele za shukrani mpaka muuguzi akanikemea.

Sitawadanganya tena: tamaa ilirudi. Ilirudi mara nyingi. Lakini haikunishinda, kwa sababu haikuwa siri tena. Nilimwambia Mama Furaha, nikamwambia mchungaji. Siku hizi kopo linakaa kwa Mama Furaha, na bati nalisugua nje, penye upepo, yeye akiwa karibu. Kibao kipya nilikipeleka Kashuga mwenyewe. Mama Sifa alikisoma kwa sauti, kidole kikifuata kila herufi, ndipo tukakipigilia.

Namshukuru Mungu aliyemwacha yule binti hai! Namshukuru kwa mke asiyenikimbia! Na wewe uliyeketi hapo, unayeimba na watu huku moyo wako umefungwa kwa chupa, au kwa kitu ambacho hata mke wako hajui: usingoje mtoto wa mtu aumie. Yesu anakijua, na bado anakuita. Tukimaliza ibada nitasimama pale mlangoni. Njoo uniambie neno moja tu. Sitakuuliza mengi. Nitakushika mkono, tutakwenda wote wawili kwa mchungaji.