Fundi Pindo Hakufungua Mlango

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, kisha akasomea ushonaji miaka miwili.

Kuanzia 1974 alishona sare za shule barazani kwake. Kila sketi aliiachia pindo refu la kufumuliwa, ili ikue na mtoto. Mzazi mmoja alimtania, "Fundi, sketi moja miaka minne! Utakula nini?" Akamjibu, "Wewe una watoto sita, sitalala njaa." Jina la Fundi Pindo likamganda.

Tarehe 5 Desemba 1981 aliolewa na fundi saa, wakajaliwa binti na mwana. Binti aliuawa mchana wa tarehe 9 Agosti 2009 na mwanamume aliyetaka kumwoa, naye binti akamkataa. Mlango ulivunjwa kwa shoka. Dada alikuwa hospitalini akimuuguza mumewe, na mahakama ilithibitisha hivyo. Shemeji yetu alifariki mwaka 2012.

Mwaka 2019 kisa hicho kikafanywa tamthilia ya televisheni. Humo, mama anamfungulia muuaji mlango huku akitabasamu, kwa kuwa amemletea zawadi. Tangu wiki ile watu walimuuliza sokoni, "Hivi ulimfungulia kwa nini?" Alimweleza mmoja mmoja mpaka akachoka. Wazazi wakaanza kupeleka sare kwingine.

Nilimsindikiza mara tatu kwa watengenezaji wa tamthilia. Karani wa mapokezi alimwambia, "Mama, ile ni tamthilia tu." Dada akauliza, "Sasa mbona mmeandika mwanzoni kwamba ni kisa cha kweli?" Tamthilia ilirudiwa mara mbili. Nilimshauri azime televisheni.

"Nikizima yangu," alisema, "ya jirani atazima nani?"



Tarehe 2 Mei mwaka huu alipatwa na kiharusi, akapoteza sauti. Muuguzi mmoja, wala hakuwa na ubaya, aliniuliza kando ya kitanda, "Huyu si ndiye yule mama aliyefungua mlango?" Dada alisikia. Machozi yalimtoka, na mkono uliobaki na nguvu ukatikisika kukataa. Alifariki tarehe 20 Mei, saa nne asubuhi.

Aya hii ya wasifu nimeiongeza kwa kalamu leo. Picha tuliyompa mpiga chapa ilikuwa imefifia, naye akatafuta nyingine mtandaoni bila kutuuliza. Mwanamke aliye kwenye jalada la ratiba za mazishi mlizoshika ni yule mwigizaji aliyecheza kama mama katika tamthilia. Tumeziona asubuhi hii, na muda wa kuchapa upya haukuwepo. Dada, tumeshindwa tena. Utusamehe.

Ameacha mwana mmoja, mkwe, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike, na mimi kitinda mimba. Apumzike kwa amani, na huko aendako asiulizwe tena habari za mlango.