Mama Kodi na Ufalme wa Darasa la Tano

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, mwalimu mwenzetu wa darasa la tano anatimiza miaka thelathini na mitatu ya kufundisha shuleni hapa, na siku hiyohiyo anastaafu. Kwenye orodha ya mishahara ana jina lake kamili. Kwetu sisi, kwa wanafunzi na hata kwa mlinzi wa getini, yeye ni Mama Kodi.

Alikuja akiwa binti mwembamba mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akapewa chumba cha mwisho, kile chenye dirisha lisilofungika. Alifundisha mengi, lakini jina lilitokana na somo moja tu, lile la mapinduzi. Kitabu kilisema kwa sentensi moja kavu kwamba watu walichoshwa na kodi zisizo za haki, wakaupindua utawala. Watoto walikariri, wakapata vema, wakasahau kabla ya mapumziko. Yeye hakuridhika.

Akaanzisha ufalme. Aliyemaliza kazi vizuri alilipwa vizibo vya soda. Mfalme, mwanafunzi aliyepigiwa kura, alikaa kwenye meza ya mwalimu na taji la boksi, huku watoza ushuru wake wakipita kati ya madawati. Kulikuwa na kodi ya kuchonga penseli, kodi ya kukaa dirishani, hata kodi ya kucheka. Marafiki wa mfalme hawakulipa kitu. Kufikia Jumatano darasa zima lilikuwa limenuna. Alhamisi mfalme aling'olewa kitini. Ndipo Mama Kodi alipofungua kitabu, na ile sentensi kavu ikaeleweka yenyewe. Sisi wa chumba jirani tuliyajua mapinduzi kwa kelele, maana hesabu zetu zilikwama papo hapo.

Mwaka mmoja mambo yalitoka nje ya darasa. Enzi hizo darasa la tano peke yao ndio waliobeba maji ya kujaza pipa la walimu. Asubuhi moja, baada ya somo, walizifudikiza ndoo uwanjani, wakazikalia. Mkuu wa shule wa wakati huo alifoka hadi miwani ikamdondoka. Alimwita Mama Kodi ofisini, akampa mawili achague: aombe radhi mbele ya shule nzima na kulifuta somo, au afungashe virago ahamie shule ya mbali. Nyumbani alikuwa na watoto wadogo na mume aliyelazwa kitandani. Sote tulimsihi aombe radhi yaishe. Alikataa katakata. Aliomba jambo moja tu, mkuu awasikilize watoto kwanza.

Aliyesema kwa niaba yao alikuwa msichana mfupi mwenye kigugumizi. Alieleza, taratibu, kwamba hawakatai kubeba maji. Wanataka kujua kwa nini ni wao tu, na nani aliwauliza. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akawarudisha darasani. Wiki iliyofuata zamu ya maji ilikuwa ya madarasa yote, walimu wakiwemo, na yeye mwenyewe alionekana na ndoo, suruali imelowa hadi magotini. Somo likabaki, na mwalimu wake akabaki. Siku ile tulitembea vifua mbele, hata sisi tuliokuwa tumemshauri asalimu amri.

Juma lililopita wajumbe wa darasa la tano walibisha hodi chumba cha walimu. Walikuwa wamesikia kwamba mrithi wa somo lile anateuliwa, wakataka kujua mbona wao hawajashirikishwa. Mkuu wetu wa sasa alicheka, akawaachia wapige kura. Wakamchagua mwalimu wa hesabu wa chumba jirani, mlalamikaji mkuu wa kelele, ambaye ndiye anayeandika mistari hii. Walieleza kwamba anapenda mno kuamrisha, hivyo atakuwa mfano mzuri wa mfalme mbaya. Mama Kodi alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaendelea kulia kwa muda baada ya kicheko kwisha.

Mwalimu wetu, asante kwa kila Alhamisi ya vurugu. Nenda kapumzike, afya isikupungukie, na nyumba yako isikose kicheko. Unatuachia watoto wasiokubali kunyamazishwa, na tunajivunia kila mmoja wao.