Kinyago cha Kioo Cheusi

Blaise, Colette, sogezeni viti karibu, na mmoja wenu azime hiyo redio. Siku Dominiki alipouawa kwenye geti la atelye yetu ya kuchomelea vyuma pale Pinetown, ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, na sikufungua.

Ninyi mlikuwa bado Bukavu. Mlipofika mkikimbia vita mliambiwa kwamba mfanyakazi wangu mmoja aliuawa na watu wa taksi, na mama yake kule Kigoma nilimwambia hivyo hivyo kwa simu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kwa padri nimekwisha kuungama, akanipa kitubio nikakifanya, ila mnaorithi geti lile ni ninyi, na mapafu haya yaliyojaa moshi wa vyuma hayatanipa nafasi nyingine ya kuwaambia.

Dominiki alinijia akiwa kijana mpole mwenye nguvu, nikampa grenda, mashine ya kusagia chuma. Wakati ule kila nyumba ya Durban, hadi huku Pinetown, ilitaka vyuma vya madirisha kwa kuogopa majambazi, na yeye alisaga na kulainisha kila kilichotoka atelye, akila vumbi la chuma tangu asubuhi. Kuchomelea nilichomelea mimi peke yangu. Kinyago cha kioo cheusi, kile kinachokinga macho, nilikifungia kabatini kila nilipokwenda kula, kwa sababu patron wangu wa Bukavu, bwana aliyenifundisha kazi, alinifanyia mimi hivyo, na kwa sababu niliogopa kwamba nikimfundisha mtu atafungua atelye yake ng'ambo ya barabara.

Siku moja akaniuliza mbele ya wenzake, "Patron, mimi nitasaga hivi mpaka lini?"

Nikamjibu, "Mpaka vyuma viishe Durban."

Wakacheka. Yeye pia akacheka, akasema, "Eish, basi nitazeeka na grenda," akarudi kazini. Aliniomba tuzungumze juu ya maisha yake, wanangu, nami nikampa mzaha.

Baada ya hapo hakuuliza tena. Mchana mmoja nilirudi kutoka kula nikamkuta ameinama kwenye mashine, anachomelea bawaba kwa macho matupu, anajifundisha. Kumbe alikuwa ameanza tangu jana yake; macho yalikuwa yamekwisha kuungua, yamevimba, machozi yanamtiririka, haoni sawasawa. Nikachukua nondo nikampiga. Nilimpiga mgongoni, nikampiga begani, na alipoinua mkono kujikinga nikausikia mfupa ukivunjika, nikaendelea kumpiga mtu asiyejua pigo linatoka upande gani. Alikuwa anasema tu, "Patron, nilitaka nikuonyeshe." Ile bawaba niliitupa kwenye vyuma chakavu. Ilikuwa imeshika vizuri.

Mkono ulipounga, hakurudi kwangu; akapanda taksi na bunduki chini ya koti, akimlinda tajiri mmoja mwenye magari, maana wenye taksi huku huuana kwa kugombea njia za abiria. Alipita kwangu mara moja, akasimama nje ya geti. Sikumkaribisha. Akasema, "Yule mzee wa taksi alininunulia chakula, patron, akakaa na mimi mezani. Akaniuliza ninataka kuwa nani. Nikamwambia fundi. Akasema fundi utakuwa baadaye, kwa sasa shika hii." Hakusema kwa hasira. Nami nikarudi kwenye mashine yangu.

Kisha ikaja siku yenyewe. Risasi zililia stendi, mchana, watu wakalala chini barabarani, nikafunga geti. Nikamwona anakuja anakimbia, shati limelowa damu, watu wawili nyuma yake. Akashika vile vyuma alivyovilainisha mwenyewe. "Patron, fungua." Aliniita patron hata siku ile. Nilijiambia nawalinda wafanyakazi waliokuwa nyuma yangu, lakini Mungu ananisikia hapa, moyoni nilisema, si amechagua mwenyewe. Wakampiga risasi ya shingo, nikiwa karibu naye kiasi kwamba damu yake iliniingia mdomoni. Walipoondoka, vidole vyake vilikuwa bado vimekamata chuma, ikabidi nivibandue kimoja kimoja. Aliyenisaidia kuliosha geti alikuwa Goodluck, mmoja wa wafanyakazi wale.

Goodluck huyu huyu, Blaise, ambaye juzi umempiga koleo la usoni.

Usiiname, niangalie. Colette ameniambia aliuliza nini. Aliuliza kama mwaka huu atafundishwa kuchomelea. Na ameniambia kwamba jana, jino limemtoka, alikaa kwenye gari la mtu wa taksi, akanunuliwa kuku. Watu wale hawapigi kwanza. Wanauliza kwanza.

Basi shika maneno haya kuliko mashine. Mtu wako akikuuliza habari ya kesho yake, zima grenda, umtoe mbele ya wenzake, mkae kwenye benchi moja. Mwulize anataka kufika wapi, kisha unyamaze, maana mwanzoni atakuambia kile anachodhani wewe unapenda kusikia. Ngoja mpaka aseme chake. Usimwahidi kisichopo. Mpe kazi ndogo ya kumsogeza, hata bawaba moja, na ikitoka mbaya mwonyeshe palipoharibika bila kumtukana, na baadaye umrudie wewe, usingoje yeye akurudie. Akitaka kwenda kufungua atelye yake, mkopeshe nyundo, mwombee. Mimi nilimnyima Dominiki hayo yote, na hakuna aliyefungua ng'ambo ya barabara. Pako wazi mpaka leo.

Atelye na mashine ni zako, Blaise. Ufunguo wa geti ni wa Colette, asiuache mkononi mwa mtu mwenye hasira, hata kama ni ndugu yake. Na wewe Colette, mpigie mama wa Kigoma, umwambie yote, na jina langu ulitaje.

Nipeni maji... inatosha. Mungu aliyenivumilia mimi awavumilie na ninyi. Awatunzie macho yenu, na mikono yenu, mle matunda ya kazi yenu kwa amani. Nimechoka, wanangu. Nimechoka sana.

Blaise. Kesho asubuhi, kabla hujawasha mashine, mwombe Goodluck msamaha. Mpe kinyago. Halafu ukae naye, umwulize anataka kuwa nani.